Maziwa ya Wifi

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nashona nakshi na kubandika vijiwe kwenye mabuibui katika duka moja la Ruwi, Oman, na nilikuwa nimeshajiamulia kwamba mimi nitakuwa mtu wa kusaidia watu. Vipi, sikujua. Shule niliiacha darasa la tisa, mama alipougua, na sikurudi tena. Lakini ndoto hazihitaji cheti. Nikiwa nimeinama juu ya kitambaa cheusi, sindano mkononi, kichwani mwangu nilikuwa daktari, nilikuwa mtangazaji, nilikuwa mke wa balozi anayegawa maziwa ya unga kwa wenye shida. Shoga yangu wa mashine ya pili alikuwa akinitazama namna ninavyotabasamu peke yangu, ananambia, "Leo uko nchi gani?"

Mwalimu ndiye aliyenitoa dukani. Tulimwita Mwalimu kwa sababu alisomesha miaka mingi kabla ya kustaafu, na sasa aliongoza kikundi cha wanawake wa kujitolea. Kazi yao ilikuwa kuwatembelea watoto waliotolewa kwenye nyumba ya watoto wakapewa walezi, kisha kuandika walichokiona, na ikitokea mvutano, kusimama mbele ya kadhi wamsemee mtoto. Alikuja kuchukua buibui lake, akanisikia nikibishana na shoga yangu kwa Kiswahili.

"Kiswahili chako ni cha nyumbani au cha kuokoteza?" akaniuliza.

"Cha nyumbani, Mwalimu. Bibi yangu mpaka leo anaota kwa Kiswahili."

"Basi nna kazi yako."

Kazi ilikuwa mtoto wa miaka sita, mtoto wa kike, aliyelelewa Ansab na mke na mume waliorudi kutoka Unguja wakiwa wadogo. Hawakujaaliwa kuzaa. Walimchukua kitoto kichanga, na nyumbani kwao kukisemwa Kiswahili tu, kwa hiyo Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea peni darasani. Mwalimu alinipa maelezo garini, huku akiendesha polepole hata malori yakatupigia honi.

Tatizo lilikuwa maziwa. Mtoto wa kike akilelewa nyumbani kwa mwanamme asiye na nasaba naye, siku moja atakuwa mwanamwali, na yule baba aliyemwosha masikio atakuwa mtu baki wa kujisitiri mbele yake. Dawa yake ni ziwa: anyonyeshwe na ndugu wa nyumba hiyo, apate undugu wa kunyonya. Wifi yake mama mlezi, yaani dada wa mume, wakati ule alikuwa na mtoto mchanga. Akamnyonyesha na huyu, basi mume akawa mjomba wa ziwa, na mambo yakakaa sawa. Wifi aliweka saini, karatasi zikapita. Sasa, baada ya miaka sita, wifi alikuwa ameandika barua: hakumnyonyesha yule mtoto, na saini yake ameifuta.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Anataka kaka yake aoe mke wa pili apate wake mwenyewe. Kaka hataki. Sasa yeye anasema kinachomziba macho ni huyu mtoto. Hayo ndiyo ninayoyasikia, Mungu ndiye ajuaye. Kadhi akiona maziwa hayapo, mtoto huenda akarudishwa kwenye nyumba ya watoto. Wewe angalia kila kitu. Lakini usisahau, umekwenda kumsikiliza mtoto."

Nilisikia "angalia kila kitu". La pili lilipita dirishani pamoja na vumbi.

Mama mlezi alinipokea mlangoni kwa tabasamu pana mno. Ndivyo nilivyoliona: pana mno. Mwanamke wa miaka arubaini na kitu, kanga kichwani, udi umeshafukizwa kabla sijafika. Nikajiambia, nyumba inayofukizwa saa nne asubuhi ina harufu inayofichwa. Akanikaribisha ukumbini, nikajichagulia kiti karibu na mlango wa chumba kilichofungwa. Akaleta halua, akaleta kahawa, akaleta vitumbua. Kila sahani ilinizidishia shaka.

Mtoto alisimama kwenye pembe ya ukuta, nywele mikia miwili, goti lina bandeji.

"Njoo umsalimie dada," mama mlezi akamwambia.

"Shikamoo," akasema, kama mtu anayelipa deni.

"Umeanguka?" nikamuuliza.

Akamtazama mama yake kwanza. Nikaandika: Anamwangalia mlezi kabla ya kujibu. Nilikuwa na daftari jipya, jalada la buluu, na kalamu ya wino niliyoiazima kwa kaka yangu, na nilikuwa nikiandika kwa fahari, mstari baada ya mstari, na yule mtoto macho yake yakifuata kalamu.

Kisha nikasikia kikohozi. Ndani ya kile chumba kilichofungwa. Mara moja, kimezibwa, kama mtu kajitia mto mdomoni.

"Kuna mtu?" nikauliza.

"Hamna kitu, mwanangu. Kula vitumbua."

Nikaandika: Kuna mtu amefichwa. Nikapiga mstari chini yake.

Adhuhuri ilipokaribia wakatandika meza. Wali, samaki, achari ya ndimu. Mtoto hakukaa. Alipita upande wa jikoni, na nilipoinuka kama nataka maji nikamkuta chini kwenye mkeka pamoja na msichana wa kazi, dada mmoja kutoka Tanga, wanakula kwenye sahani moja ya bati. Mtoto wa kulelewa anakula jikoni! Machozi yalinilengalenga palepale. Mimi hata kuku akichinjwa hujifunika uso. Mlio wa honi ya Mwalimu ulinikuta nimeshaandika ukurasa mzima.

Ziara ya pili nilikwenda moja kwa moja kwenye maziwa. Mimi Kurani nilisoma chuoni kwa maalim wa Kisunni wa Unguja, na maalim wetu alitusomesha kwamba ziwa halifanyi undugu mpaka yatimie manyonyo matano, kila moja mtoto ashibe aache mwenyewe. Matano. Niliyajua kama ninavyojua vidole vyangu.

"Mama, yalitimia matano?"

"Yalitimia."

"Unajuaje?"

"Nilikuwa nimekaa pale na tasbihi mkononi, nahesabu. Mimi pia nimesoma, mwanangu. Kila akiacha ziwa nasukuma punje moja." Akacheka kidogo. "Wifi yangu akanambia, we unahesabu maziwa au unanihesabia dhambi?"

Mtu anayesema uongo, nikawaza, ndiye anayekuwa na maelezo mazuri hivi. Mkweli angesema, yalitimia, basi.

Yule dada wa Tanga aliniwahi mlangoni nikitoka kuvaa viatu. Mikono yake ilikuwa na unga.

"Dada, samahani, hivi wewe ni polisi?"

"Mimi ni wa kujitolea."

"Maana unauliza kama polisi. Hayo maziwa ya miaka sita iliyopita yana nini jamani? Si umuulize mtoto jana amelala saa ngapi? Tangu umeanza kuja halali huyu. Anakuja kitandani kwangu, miguu ya baridi hiyo, ananipiga mateke mpaka alfajiri."

"Kwa nini halali?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nikisema mtasema nimesema."

Ningemuuliza. Lakini nilishajenga shaka nyingine: huyu anamlinda bosi wake, kafunzwa. Na mtoto asiyelala ni mtoto anayeteswa. Nikayaandika yote mawili.

Wifi aliishi upande mwingine wa wilaya ile ya Bawshar, nyumba kubwa yenye bustani ya waridi. Mwalimu hakunituma huko. Nilijituma. Kaka yangu alinipeleka, akakaa garini akanuna. Wifi alinipenda mara moja, na mimi nikampenda, kwa sababu alijibu vile nilivyotaka.

"Matano? Wallahi hayakufika. Kile kitoto kilikuwa kinauma kama siafu. Mara mbili, siku mbili, nikasema khalas, mimi na wangu nishapasuka. Nikawaambia mkamueni mbuzi."

"Na saini?"

Akageuza bangili mkononi. "Kaka yangu alikuwa analia. Umeshamuona mwanamme mzima analia mbele ya mkewe? Nikatia."

"Sasa kwa nini unafuta?"

"Kwa sababu nataka kumuona mtoto wa kaka yangu kabla sijafa. Wa damu. Dhambi hiyo?"

Niliandika mbili, nikaizungushia duara. Mmoja anasema tano, mmoja anasema mbili. Yule wa mbili hana faida ya kusema tano, na wa tano hana faida ya kusema mbili. Nilijiona mwerevu kweli. Usiku ule nilijiota nimevaa joho.

Ziara ya tatu mtoto hakutoka kabisa. Mama mlezi alisema yuko chini ya kitanda, hataki, kila akimvuta anashika mguu wa kitanda. Tabasamu lake halikuwa pana tena. Nilikaa dakika kumi, nikasikia kile kikohozi tena chumbani, nikaondoka. Niliandika karatasi yangu kwa Mwalimu, kurasa tatu, na chini nikamalizia: Mama mlezi si mkweli. Nashuku mtoto hatendewi haki.

Mwalimu aliisoma garini amevua miwani.

"Una hakika?"

"Nna hakika, Mwalimu."

"Kwa wifi ulikwenda na nani?"

"Na kaka yangu."

Akavaa tena miwani. "Haya. Umeandika, itasomwa."

Sikujua kwamba itasomwa kwa sauti.

Chumba cha kadhi kilikuwa kidogo kuliko nilivyokiota. Meza, bendera, feni, viti vya plastiki. Kadhi alikuwa mzee mwembamba, ndevu nyeupe, mtu wa ndani, wa milimani, Kiswahili hakijui hata neno. Yote yalikwenda kwa Kiarabu na mimi nayasimulia hapa kwa lugha yangu. Mama mlezi alikaa kulia na mumewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuona yule mume: mwanamme mnene mpole, kilemba kimekaa upande, anasugua magoti. Wifi alikaa kushoto. Mtoto aliachwa ukumbini na dada wa Tanga.

Kadhi alianza na wifi.

"Ulimpa ziwa mtoto huyu?"

"Sheikh, hayakutimia."

"Sikukuuliza kutimia. Ulimpa?"

"Mara mbili. Lakini mara mbili si kitu, kwa sababu..."

"Maziwa yalishuka kooni mwake?"

Wifi akababaika. "Yalishuka. Aliuma mpaka nikatoka damu, yasishuke vipi?"

"Basi umemnyonyesha."

"Lakini matano..."

"Nani kakwambia matano?"

Akasema kwao Unguja, chuoni. Kadhi akatikisa kichwa kwa upole, kama mtu aliyeyasikia hayo mara nyingi kwa watu wa kwetu. "Wenzetu wana kauli yao na tunaiheshimu. Lakini wewe ni Ibadhi, wa madhehebu yetu, na baba yako Ibadhi, na sisi kwetu funda moja likishuka kooni, undugu umeingia. Kidogo chake na kingi chake ni sawa. Huyu ni mwanao wa ziwa tangu siku ya kwanza, na kaka yako ni mjomba wake. Hili huwezi kulifuta kwa barua."

Mama mlezi alijifunika uso na ncha ya mtandio. Na mimi nilikuwa nimekaa pale na daftari langu la buluu, na ile mbili yangu yenye duara. Wiki nne za kuhesabu! Sikuwahi kujiuliza kama huku tulikohamia kuna hesabu nyingine. Wala wifi hakujiuliza, wala mama mlezi na tasbihi yake. Sote tulibeba chuo cha Unguja mpaka mbele ya kadhi wa Oman.

Nilidhani yameisha. Kadhi akachukua karatasi zangu.

"Kuna ripoti ya mtembeleaji." Akampa karani, karani akasoma. Kila kitu. Udi wa saa nne. Tabasamu. Kuna mtu amefichwa, na karani, sijui kwa nini, akataja kwamba pamepigwa mstari.

Mama mlezi alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema kwa Kiswahili, mbele ya wote, kama tuko wawili.

"Mwanangu, yule ni mume wangu. Kila ukija anaingia chumbani asikutie haya, maana wewe ni mtoto wa watu. Na wewe ukakaa mlangoni. Atokeje? Amekaa saa nzima bila ya kahawa, na kifua kile."

Mwalimu akatafsiri, kwa sauti ndogo. Karani alijifanya anaokota kalamu chini, mabega yanatikisika. Mume alitazama vidole vya miguu yake. Mimi niliomba sakafu inimeze.

Kadhi hakucheka. "Binti," akaniambia, "umeandika kurasa tatu. Nimeona mlango, nimeona kikohozi, nimeona maziwa. Mtoto yuko wapi humu?"

"Yumo, Sheikh. Anakula jikoni. Halali."

"Kwa nini anakula jikoni?"

"Sijui."

"Kwa nini halali?"

"Sijui."

"Anataka nini?"

Nilifungua daftari kana kwamba jibu limo, na nikajua halimo, kwa sababu swali lenyewe sijawahi kuliuliza.

"Maziwa yamekwisha," kadhi akasema. "Hili la kutotendewa haki halijesha, na umeliandika wewe. Siwezi kulipita. Nenda kamuulize, urudi uniambie alivyosema yeye, si unavyodhani wewe. Daftari liache hapa."

Nikatoka mikono mitupu. Mtoto alikuwa kwenye benchi, miguu haifiki chini. Aliponiona akajibanza kwa dada wa Tanga mpaka uso ukapotea kwapani. Nilikaa chini kwenye sakafu, buibui langu jipya na vumbi, sikujali.

"Sina daftari leo," nikamwambia.

Jicho moja likatoka. "Umeliweka wapi?"

"Amelichukua yule sheikh."

"Amekunyang'anya?"

"Ameninyang'anya."

Akafikiri. "Ulikuwa mbaya?"

"Kidogo."

Dada wa Tanga akatazama dari, midomo ameikaza.

"Mbona unakula jikoni?" nikamuuliza.

"Mezani hakuna ugali."

"Mama hapiki ugali?"

"Mama hajui. Anafanya uji." Akashusha sauti. "Usimwambie."

"Na mbona hulali?"

Akarudi kwapani. Mtu alipita na trei ya chai. Dada wa Tanga akamsukuma kidogo kwa bega, "Mwambie, mama. Si ulisema unataka kumwambia?" Sauti ikatoka ndani ya nguo.

"Wewe ndiye unayekuja kunichukua?"

"Nani kasema?"

"Shangazi. Alimwambia baba kwenye simu, watakuja kumwandika, wamrudishe. Halafu ukaja, ukaandika."

Ningetamani kusema neno zuri. Nilikuwa nayo mengi, siku zote nilikuwa nayo mengi. Nikauliza lile nililotumwa.

"Wewe unataka nini?"

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimjue.

"Nataka usije tena."

"Nisije tena kwenu?"

"Usije kwetu. Hata siku ya Idi."

Nilirudi ndani. Nikasema, anakula jikoni kwa sababu anapenda ugali wa msichana wa kazi. Mama mlezi akaguna, "Alaa!" Nikasema, halali kwa sababu alisikia kwamba atakuja mtu kumwandika arudishwe, na mimi nikaja nikaandika. Wifi akaangalia dirishani. Nikasema, nimemuuliza anataka nini.

"Akasema?"

"Akasema anataka nisiende tena kwao, Sheikh. Hata siku ya Idi."

Kadhi aliandika. Aliandika muda mrefu, halafu akaniuliza kama nathibitisha hayo ndiyo maneno yake, nikasema ndiyo, akaniuliza na zile kurasa tatu nazithibitisha, nikasema hapana. Hukumu ilikuwa fupi: mtoto abaki alipo, na mtembeleaji abadilishwe.

Mwalimu alibakia ndani na kesi nyingine. Nilitoka uwanjani peke yangu, jua la saa saba limesimama juu ya magari. Wao walikuwa wanapakia. Mume alimfungulia mlango dada wa Tanga, mtoto akapanda nyuma, na mama mlezi aliponiona nimesimama akateremsha kioo.

"Una njia ya kurudi Ruwi, mwanangu? Ingia tukupeleke. Jua hili."

Alisema kwa moyo safi, nna hakika. Na hii safari nilikuwa na hakika kweli. Lakini nyuma yake mtoto alikuwa amesogea mpaka katikati ya kiti, mikono miwili ameitandaza, kila mmoja upande wake, ili pasibaki nafasi ya mtu.

"Nna njia, mama," nikasema. "Nendeni tu."

Sikuwa na njia. Nikasubiri gari ligeuke, kisha nikatembea mpaka barabara kuu kutafuta teksi.